Saruji Inayotoka Jasho

Masika yakiingia, nenda jikoni ukaangalie kopo la chumvi ya mawe. Ile iliyokuwa ikimwagika kama mchanga mwezi Februari sasa imegandamana, na chini ya kopo kuna majimaji. Watu wa Pwani hutia punje za mchele ndani ya chumvi zinyonye unyevu, halafu wanailaumu chumvi. Wanaionea. Chumvi safi ya kulia huvumilia hewa mpaka unyevu wake ufike kama 75% ndipo ilowe. Mwenye makosa makubwa ni nduguye anayejificha ndani ya chumvi ya bahari isiyosafishwa, kloridi ya magnesiamu. Huyo huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukipita 33% tu, na hewa ya Mombasa au Unguja ni nadra mno kukauka kiasi hicho.

Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mtu mmoja jijini Paris aliichukua chumvi hiyohiyo yenye kiu, akaikoroga na unga wa magnesiamu uliochomwa, akapata saruji nyeupe kama pembe na ngumu kama jiwe. Yote yaliyofuata ni juhudi za kuifunga chumvi hiyo isitoroke. Maabarani watu walifaulu, tena zaidi ya mara moja. Kwenye kuta za nyumba za watu mambo yalikwenda vingine.

Mtu wa mabati, 1837–1871

Stanislas Sorel alizaliwa mwaka 1803 katika mji mdogo wa Putanges, Normandy, mtoto wa fundi saa asiye na mali. Jina lake halitajwi kwetu, ila kazi yake iko juu ya vichwa vyetu kila siku: mwaka 1837 alipata hataza ya kukitumbukiza chuma kilichosafishwa ndani ya zinki iliyoyeyushwa ili kisipate kutu. Paa la bati, ndoo ya bati, waya wa uzio, vyote vina deni kwake.

Zinki ndiyo iliyompeleka kwenye saruji. Mwaka 1855 alichanganya oksidi ya zinki na kloridi ya zinki, akapata uji mzito ulioganda upesi, na madaktari wa meno wakautumia kuziba meno yaliyotoboka. Mwaka 1867 akabadilisha metali. Mahali pa zinki akaweka magnesiamu, na taarifa yake fupi kuhusu saruji hiyo mpya ikachapishwa na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Kanuni yake ni rahisi. Jiwe la magnesiti likichomwa kwenye nyuzi 700 au 800 hivi hutoa hewa ya kaboni na kuacha unga mwepesi. Saruji ya Portland, ile ya mifuko tuliyoizoea, inadai tanuri la nyuzi karibu 1,450. Ukiukoroga ule unga kwa maji matupu hupati kitu cha maana. Ukiukoroga kwa maji yaliyoyeyushwa kloridi ya magnesiamu, ndani yake huanza kuota fuwele nyembamba kama sindano, zinapenyana na kushikana kama miba ya michongoma, na kesho yake unaweza kutembea juu yake. Haihitaji kumwagiwa maji wiki nzima kama zege. Hushika unga wa mbao, ambao Portland huukataa kwa sababu sukari ya mti huichelewesha kuganda. Na ukiipiga msasa inang'aa. Haikuchukua muda watu wakatengeneza mipira ya biliadi ya kuiga pembe za ndovu, na mawe ya kunolea visu na mashoka.

Ila sindano zile zimejengwa kwa chumvi. Zikikaa ndani ya maji, maji huichomoa kloridi moja baada ya nyingine, na kinachobaki ni hidroksidi ya magnesiamu, unga laini usio na nguvu. Kloridi iliyotoka haipotei. Inakwenda kutafuta chuma. Hapo pana kichekesho ambacho Sorel, aliyefariki mwaka 1871, hakuishi kukiona kikikua: mtu aliyekiokoa chuma kutoka kwenye kutu ndiye aliyewaachia wajenzi saruji inayokila chuma.

Sakafu za unga wa mbao, 1861–1914

Kilichoieneza saruji ya Sorel ni taka ya kiwandani. Katika mji wa Stassfurt, Ujerumani, kiwanda cha kwanza cha potasi kilianza mwaka 1861. Wakulima walitaka potasi ya kurutubisha mashamba. Chumvi iliyochimbwa ilikuwa na potasi na magnesiamu zilizoshikana. Potasi ikatolewa, ikauzwa. Maji ya kloridi ya magnesiamu yakabaki, hayana mnunuzi, yakamwagwa mtoni Bode na kutoka hapo yakafika Elbe. Kwa wenye viwanda, kanuni ya Sorel ilikuwa bahati: uchafu waliokuwa wakiutupa ulikuwa nusu ya saruji. Nusu ya pili, magnesiti, ilitoka kisiwa cha Euboea huko Ugiriki na kwenye milima ya Styria, Austria.

Miaka ya 1880, karibu na Dresden, zikaanza kutoka bodi zilizoitwa xylolith, jina la Kigiriki lenye maana ya jiwe la mti. Baadaye watu wakaacha bodi, wakamwaga sakafu palepale. Wajerumani wakaiita Steinholz, nao wameligeuza tu lile neno la Kigiriki kwa lugha yao.

Kazi yenyewe ilihitaji jicho. Fundi alianza na pipa la maji ya chumvi. Alitumbukiza humo kipimo cha kioo kinachoelea, chenye alama za nyuzi za Baumé, akatazama kimezama hadi wapi. Kikizama sana, maji hayana chumvi ya kutosha; kikielea juu mno, yamezidi. Kisha unga wa magnesiamu, unga wa mbao na rangi vikakorogwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji ya chumvi yakaingia. Tabaka la chini likawa na mbao nyingi, liupe mguu joto na kunyonya kishindo. La juu likawa gumu, likasuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi likateleza. Baada ya siku kadhaa likapakwa mafuta ya kitani au nta.

Sakafu hiyo haikuwa na maungio ya kukusanya uchafu, haikushika moto, na wakati wa baridi haikuuma nyayo kama jiwe. Hospitali ziliipenda, shule, viwanda, mabehewa ya reli, hata sitaha za meli.

Mafundi walizijua tabia zake mbaya. Chumvi ikizidi, sakafu inatoka jasho siku za mvua: unaamka asubuhi unaikuta ina matone kama mtungi wa maji baridi, na alama za nyayo zinabaki. Chumvi ikipungua, sakafu inapasuka au inatoka vumbi. Unga uliochomwa kwa moto mkali mno unalala, haufanyi kazi siku ile, halafu unaamka miezi baadaye na kuvimba ndani ya sakafu iliyokwisha kauka. Chokaa kidogo iliyobaki ndani ya magnesiti huiteka kloridi na kuwa kloridi ya kalsiamu, nayo hiyo inapenda maji vilevile. Dawa zao zilikuwa za nje. Walipaka mafuta juu, wakapaka nta, na bomba lolote la chuma linalopita sakafuni wakalivika lami kabla ya kumwaga. Katika umbo la chumvi lenyewe hawakugusa kitu. Hata hivyo sidhani tuwacheke. Walijua kwamba hii ni saruji ya ndani ya nyumba, na kwa kiasi kikubwa waliiacha humo.

Inatolewa nje, 1914–1930

Vita Kuu ya Kwanza ilifunga njia ya magnesiti ya Austria. Marekani, ambayo viwanda vyake vya chuma vilitegemea mawe hayo kwa matanuri, ikapanua machimbo yake California na kufungua mengine katika jimbo la Washington. Amani iliporudi, machimbo yalikuwepo na magnesiti ilitafuta kazi. Kazi moja iliyopatikana ni lipu ya nje.

Hapo ndipo lilipotokea kosa la kwanza kubwa. Lipu ya magnesiamu ilipendeza: ilishika mbao, ilikubali rangi, vijiwe vya mapambo vilirushwa juu yake ikiwa mbichi vikaganda. Lakini lipu ya nje hupigwa na mvua mwaka baada ya mwaka, na nyuma yake kulikuwa na wavu wa chuma. Maji yakaingia, kloridi ikatoka, wavu ukaoza, lipu ikabanduka. Haikuhitaji wataalamu kuona. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 saruji hiyo ilikuwa imeharibika jina Marekani, na Portland, isiyopendeza lakini isiyoogopa mvua, ikachukua nafasi.

Unga wa shaba, 1932–1945

Saruji ilipoharibika jina ndipo sayansi yake ilipoiva. Mwaka 1932 Bury na Davies, huko Uingereza, walichapisha uchunguzi wa makini wa kinachotokea oksidi, kloridi na maji vikikutana. Kazi ya aina hiyo iliendelea kwa miongo, na picha iliyojitokeza ni kwamba katika joto la kawaida zipo fuwele mbili zenye maana. Wataalamu huziita kwa hesabu ya vilivyomo: 5-1-8, yaani sehemu tano za hidroksidi ya magnesiamu, moja ya kloridi, nane za maji, na 3-1-8. Ile ya kwanza ndiyo yenye sindano imara. Ya pili huja chumvi ikizidi, au ya kwanza ikianza kuchoka. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kupanga mchanganyiko kwa hesabu badala ya kubahatisha.

Wakati huohuo, Dean Hubbell wa Taasisi ya Mellon mjini Pittsburgh alijaribu kitu ambacho mafundi wa Dresden hawakukifikiria. Hakutafuta cha kupaka juu. Alitia ndani ya unga wenyewe vumbi laini la shaba. Shaba ile, ikikutana na kloridi na hewa, hugeuka kuwa chumvi ya kijani isiyoyeyuka kwenye maji, jamaa ya ile rangi ya kijani unayoiona kwenye sanamu kongwe za shaba. Kloridi ikapata kifungo ambacho maji hayawezi kukifungua kirahisi. Taarifa yake ya mwaka 1937 ilieleza saruji inayovumilia maji kuliko zote zilizotangulia katika ukoo wake, na inayoshika vizuri zaidi.

Sakafu za shaba zikaingia sokoni, zenye rangi kati ya kijani na kijivu, zikawekwa jikoni na kwenye vyumba vya kuogea. Ziliuzwa pia kwa sifa ya pili, ya kuua kuvu na kuwachukiza mende, na uchunguzi wa miaka ya 1940 uliipa sifa hiyo msingi. Ila shaba ni shaba. Vita vya Pili vilipokuja ikahitajika kwa risasi na nyaya, hata senti ya Marekani mwaka 1943 ikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Baada ya vita saruji ya kawaida ilikuwa rahisi na nyingi mno, na mtu wa kulipia shaba ndani ya sakafu alikuwa mmoja mmoja.

Kumbuka mwaka huo, 1937. Tutauhitaji.

Miaka ya usingizi

Saruji ya Sorel haikufa. Iliendelea kumwagwa kimyakimya chini ya mazulia. Jijini Sydney, Australia, miaka ya 1960 na 1970 majengo mengi ya ghorofa yaliwekewa tabaka lake juu ya zege ili kusawazisha sakafu na kupunguza kishindo cha jirani wa juu. Bafu likivuja, au maji yakipita mlangoni, kloridi inashuka polepole kutoka kwenye tabaka hilo hadi ndani ya zege na kuifikia nondo. Nondo ikivimba kwa kutu, zege linapasuka kutoka ndani. Wenye nyumba hizo hadi leo wanalipa kubandua tabaka ambalo wengi hawakujua kama lipo.

Mlima wa chumvi wa Uchina, 1980–2007

Uchina ina vitu viwili kwa wingi unaotisha. Mkoa wa Liaoning, kaskazini-mashariki, una akiba ya magnesiti miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Mkoa wa Qinghai, magharibi, una ziwa la chumvi la Qarhan, ambako potasi huchotwa na kloridi ya magnesiamu kuachwa imerundikana. Ni Stassfurt iliyorudi tena, kwa ukubwa wa Kichina. Taka ileile na swali lilelile: tuifanye nini?

Wakafanya bodi. Unga wa magnesiamu, maji ya chumvi, unga wa mbao, na wavu wa nyuzi za kioo kuzuia kupasuka. Bodi nyepesi, haishiki moto, haina asbesto, inakatwa kwa kisu na kupigwa skrubu. Wakati ambapo dunia ilikuwa ikiikimbia asbesto, hiyo ilikuwa bidhaa ya wakati wake.

Jasho nalo likaja. Tofauti safari hii ni kwamba vyuo vya Uchina vililichukulia kama tatizo la kitaifa. Jina linalostahili kutajwa ni Deng Dehua, wa Changsha, aliyefanya kazi na fosfeti. Ilikuwa inajulikana kwamba ukitia asidi ya fosfori kidogo, gramu chache tu kwa kilo ya unga, saruji iliyoganda inaweza kukaa ndani ya maji bila kumomonyoka kama mwanzo. Kwa nini? Wengi walidhani fosfeti hujenga ganda lisiloyeyuka kuzunguka fuwele, kama rangi ya mafuta. Mwaka 2003 Deng alichapisha jibu jingine. Fosfeti hupunguza kiwango cha magnesiamu na kloridi kinachohitajika ndani ya maji ili fuwele ya 5-1-8 ibaki salama. Kwa lugha ya nyumbani: fuwele huanza kuvunjika pale maji yanayoizunguka yanapokuwa hayana chumvi ya kutosha kuituliza, na fosfeti huifanya iridhike na kidogo. Majivu ya makaa ya mawe na vumbi la silika vikaongezwa kujaza vitundu ambamo maji yangepita.

Miaka minne baadaye, 2007, Sugimoto, Dinnebier na Schlecht huko Stuttgart walifanikiwa kuchora ramani kamili ya atomi za fuwele ya 5-1-8. Kilichowasukuma ni sakafu za magnesiamu zilizokuwa zikileta matatizo. Miaka 140 baada ya Sorel, hatimaye watu walijua kila atomi ya fuwele yake imekaa wapi.

Kwa hiyo kufikia mwaka 2007 tulikuwa na shaba, fosfeti, majivu, na ramani. Msomaji angedhani kisa kimekwisha.

Kuta zinazolia, Denmark 2010–2015

Denmark ilikuwa inajenga na kukarabati kwa kasi, kwa sheria kali za kuhifadhi joto. Ukuta wa kisasa wa huko una matabaka: ndani kuna mbao na sufi nzito ya kuzuia baridi, juu yake bodi ya kuzuia upepo, kisha nafasi wazi ya hewa, na nje kabisa vigae au mbao za urembo. Kuanzia mwaka 2010 hivi bodi nyingi za kuzuia upepo zilikuwa za magnesiamu. Zilikuwa nafuu, hazishiki moto, na ziliuzwa kwa maelezo kwamba unyevu na kuvu haviziwezi.

Mvua haikuzigusa. Zilikuwa nyuma ya vigae, mahali pakavu kabisa kwa macho ya mtu. Lakini hewa ya Denmark wakati wa baridi hupita 85% ya unyevu kwa wiki na miezi, na hewa hiyo inapita huru kwenye ile nafasi ya nyuma ya vigae. Bodi zikaanza kunywa. Zilipojaa zikaanza kutema: matone yenye chumvi yakajitokeza juu yake, yakakusanyika, yakateremka. Ukifungua kigae ungeona bodi inang'aa kama imepakwa mafuta, chini ya kila skrubu kuna mchirizi wa kahawia, na kwenye boriti ya mbao ya chini dimbwi dogo la maji ambayo hayakauki hata siku ya jua, kwa sababu chumvi iliyomo haiyaachii. Mbao zikalowa, kuvu zikaota, skrubu na vyuma vya kushikia vikaliwa. Wadenmark wakasema bodi zinalia.

Mwaka 2015 onyo lilikuwa limetolewa kwa wajenzi nchi nzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, Carsten Rode akiwa miongoni mwao, walizichukua bodi kutoka majengoni, wakaziweka kwenye hewa ya unyevu uliopimwa, na kuona zikitoa matone palepale. Vigae vilibanduliwa, bodi zikang'olewa, mbao zilizoathirika zikabadilishwa. Kesi juu ya nani alipe zilifuata, na hizo nawaachia wanasheria.

Linaloniuma mimi ni tarehe. Jibu la Hubbell lilikuwa limechapishwa tangu mwaka 1937. Jibu la Deng lilikuwa limechapishwa tangu 2003, katika lugha ya Kiingereza, kwenye jarida la kimataifa. Kanuni ilikuwepo na bodi zilizolia zikatengenezwa baada yake. Dawa huongeza gharama kidogo na uangalifu mwingi, na katika soko la bodi, mwenye bei ya chini ndiye aliyepewa kazi. Tena majaribio mengi ya bodi huuliza: itaungua? itavunjika? ikizamishwa ndani ya maji kwa saa 24 itavimba? Bodi inaweza kufaulu yote hayo. Swali lenye sumu lilikuwa lile la kopo la jikoni: ikikaa miezi mitatu kwenye hewa yenye unyevu, bila tone la maji kuigusa, itafanya nini?

Chumvi nyingine

Baada ya Denmark njia moja ilikuwa kuiacha kloridi kabisa. Unga uleule wa magnesiamu unaweza kukorogwa na salfeti ya magnesiamu, ile chumvi ya kuharisha inayouzwa famasi. Saruji ya salfeti ilijulikana zamani, ila ilikuwa dhaifu na watu waliidharau. Lakini tayari mwaka 2013 Runčevski, Wu na wenzao walikuwa wameeleza fuwele mpya ya salfeti, 5-1-7, ambayo hujengeka vizuri ukitia asidi ya sitriki kidogo, ileile ya ndimu. Sindano zake ni ndefu na ngumu, na haina kloridi ya kwenda kuwinda chuma. Viwanda vingi vya bodi sasa vinatangaza salfeti kwa herufi kubwa. Nguvu yake haijafikia ile ya Sorel, na nadhani hilo ni bei ya haki.

Njia ya pili ni kuiacha hewa ifanye kazi. Saruji ya Sorel ikikaa wazi miaka mingi, uso wake huvuta hewa ya kaboni na kugeuka kabonati ngumu zisizoyeyuka upesi, na watafiti wanajaribu kuharakisha hilo kwenye vyumba vilivyojazwa gesi hiyo. Kwa sababu hiyo wengine huiita saruji ya kijani. Tuwe waangalifu na sifa hizo: kilo 100 za magnesiti safi zikichomwa hutoa kilo 52 za hewa ya kaboni kutoka ndani ya jiwe lenyewe, kabla hujahesabu kuni wala mafuta ya tanuri. Ikirudisha yote ni miujiza.

Mahali pamoja saruji ya Sorel haihitaji dawa yoyote. Kwenye migodi ya chumvi ya Ujerumani, kama ule wa Asse ambamo taka za nyuklia zilihifadhiwa, wahandisi huitumia kuziba mahandaki na kujenga kuta za kuzuia maji chini ya ardhi. Maji yanayopenya humo yana magnesiamu na kloridi tele, basi hayana haja ya kuziiba kutoka kwenye fuwele. Saruji ya Portland ndiyo inayoumwa mahali hapo.

Na huku kwetu

Magnesiti ipo Chambogo, wilayani Same, Kilimanjaro. Kloridi ya magnesiamu ipo kila mahali panapovunwa chumvi: Gongoni na Marereni kule Kilifi, Bagamoyo, Lindi. Chumvi ikishaganda kwenye mabwawa, yale maji mazito machungu yanayobaki, ambayo hurudishwa baharini, ndiyo nusu ya saruji ya Sorel. Mtu mwenye ndoto anaweza kuunganisha sehemu hizo mbili kwenye ramani kwa mstari mmoja, na sitamcheka. Nitamwomba tu aanze na fosfeti au salfeti siku ya kwanza, asingojee matone.

Kwa wewe unayenunua bodi tayari, ya dari au ya kugawa vyumba, usiishie kuuliza bei. Uliza imetengenezwa kwa chumvi gani, kloridi au salfeti, na uandikiwe kwenye risiti. Akikosa jibu muuzaji, kata kipande cha bodi chenye ukubwa wa kiganja. Chukua ndoo yenye kifuniko, mimina maji chini yake kidogo, panga mawe mawili, juu yake weka kile kipande na pembeni kipande cha bodi ya jasi cha kulinganishia. Weka msumari mpya mweusi juu ya kila kimoja. Funika, iache ndoo kivulini mwezi mmoja, halafu fungua uitazame misumari yote miwili kabla hujalipa bodi za nyumba nzima.